Mchezo wa Mtu Mmoja: Tafakuri ya Mwanaisimu kutoka Nyanda za Kati

1.0 Utangulizi

Swali linaloongoza makala haya huulizwa zaidi na vijana kuliko na wanazuoni: mchezo wa kielektroniki uliokusudiwa kuchezwa na mtu mmoja peke yake ungekuwa na sifa gani ili ustahili kuitwa bora? Mafundi wa programu hulijibu kwa kutaja uzuri wa picha, mpangilio wa ugumu na muda ambao mchezaji atakubali kukaa mbele ya kioo. Majibu hayo yana uzito wake, lakini hayagusi jambo ambalo mwanaisimu hulitazama kwanza, yaani ni nani anayesema na nani katika mchezo huo, na kwa lugha gani.

Kabla ya kuendelea yafaa kufafanua istilahi. Nitatumia neno gemu kwa maana ya mchezo unaochezwa kwenye kompyuta, runinga au simu, kwa kuwa ndilo neno walilonalo watoto wenyewe. Neno mchezo nitalitumia kwa maana pana, likijumuisha bao, vitendawili na hata maigizo ya watoto machungani.

Dai langu ni moja. Gemu bora ya mtu mmoja ni ile inayomkatalia mchezaji upweke wake: humpa nafsi ya pili inayouliza, inayokataa, inayokumbuka na inayostahili kusalimiwa. Nitalitetea dai hilo kwa kuchunguza baadhi ya maneno ya Kiswahili yanayohusu kucheza, kwa kurejea michezo ya jadi, kwa kutazama jaribio kubwa lililofanyika mkoani Tanga, na hatimaye kwa kueleza gemu ambayo ningependa kuiona ikitungwa kutokana na maisha ya Ugogo.

Huenda msomaji akauliza kama suala hili linastahili kurasa za jarida la kitaaluma. Ninaamini linastahili. Saa za jioni ambazo zamani zilikuwa za hadithi na vitendawili sasa, katika nyumba nyingi za Dodoma na hata za vijiji vilivyo mbali na mji, ni saa za simu. Mtoto aliyeinamia simu anajifunza maneno ya kushinda, kushindwa, kuomba, kuamuru na kufa. Lugha hudumu kwa yale ambayo watu huyatenda ndani yake bila kulazimishwa, na kucheza ni la kwanza miongoni mwa hayo. Lugha inayotumika darasani na ofisini tu, huku watoto wakicheza kwa lugha nyingine au bila lugha yoyote, imekwisha kupoteza kitu ambacho hakuna sera itakayokirudisha kwa urahisi.

2.0 Kucheza, kuchezea na kucheza na

Kiswahili hutofautisha kwa makini uhusiano wa mchezaji na kile kilicho mbele yake. Tukisema mtoto anacheza, hatujataja uhusiano wowote. Tukisema mtoto anachezea simu, mnyambuliko wa kutendea unaifanya simu kuwa kitu kinachopokea tendo, na mara nyingi sentensi hubeba lawama: simu itaharibika. Ndiyo maana tunaonya usichezee moto, usichezee afya yako. Naiacha kando maana ya kuchezea timu, ambayo ina njia yake. Lakini tukisema Simba inacheza na Yanga, kiunganishi na kinatambulisha mwenza mwenye nguvu zake, ambaye anaweza kutushinda na ambaye bila yeye mchezo haupo.

Gemu nyingi za mtu mmoja ni za kuchezea. Mfano ulio maarufu ni SimCity, iliyobuniwa na Will Wright na kutolewa mwaka 1989. Mchezaji huwekwa juu ya ardhi tupu, akachora barabara, akatenga maeneo ya makazi na viwanda, akatoza kodi. Wakazi huongezeka au huhama, lakini humfikia kwa umbo la takwimu. Hawamjui kwa jina, hawadai heshima, wala hawana kumbukumbu ya alilowatendea mwaka uliopita. Ni gemu iliyofikiriwa kwa werevu mkubwa, na sina nia ya kuibeza. Ninasema tu kwamba katika sarufi yetu mchezaji wake anauchezea mji. Hachezi na watu wa mji huo.

Nyanda za kati zimewahi kuona kuchezea kwa namna hiyo kukifanywa kwa matrekta halisi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Kongwa ikawa kituo chake cha kwanza. Mpango ulichorwa kwa ekari, tani na ratiba. Vichaka vilifyekwa, udongo wenye mfinyanzi ukakauka kwa jua na kuwa mgumu kiasi cha kuharibu zana, mvua zikakataa kufuata kalenda. Mpango ulipofutwa mwaka 1951 ulikuwa umegharimu takriban pauni milioni 36. Waliokuwa wakiishi hapo walikuwa na elimu ya vizazi juu ya mvua za Ugogo, lakini elimu hiyo haikuwa msingi wa mpango. Mpangaji alicheza peke yake, na ardhi ambayo hakuitambua kuwa mwenza ikamshinda.

3.0 Kufa na kushinda

Jioni moja nilikaa karibu na mjukuu wa ndugu yangu, mwenye umri wa miaka 9, aliyekuwa akicheza gemu kwenye simu ya mama yake.

“Nimekufa,” alisema bila kuinua macho.

“Umekufa, nawe unazungumza nami?” nilimwuliza.

“Bado nina roho mbili, babu.”

Katika mazungumzo hayo mafupi mna mambo mawili ya kuvutia. Kwanza ni uteuzi wa neno roho. Mfasiri wa gemu angeelekea kuchagua maisha, lakini neno hilo halihesabiki kwa wepesi. Maisha matatu yangeeleweka kuwa namna tatu za kuishi. Uhai nao hauna wingi wa kawaida. Mtoto, ambaye hajasoma mofolojia, amekwenda moja kwa moja kwenye neno linalohesabika na ambalo lina asili katika usemi wa watu, maana husemwa kuwa paka ana roho saba. Mtoto huyo alikuwa amefanya kazi ya kamati ya istilahi, na ameifanya vizuri.

Pili ni kiambishi -me-. Katika Kiswahili sanifu kiambishi hiki huonyesha tendo lililokamilika ambalo matokeo yake yangali yapo. Tukisema ng'ombe amekufa, tunamaanisha kwamba sasa hivi ng'ombe hayupo hai. Mtoto anaposema nimekufa, matokeo hayo hudumu kwa nukta chache tu, kisha hufutwa kwa kubonyeza kioo. Gemu imemzoeza kutumia -me- ya jambo lisilo na matokeo. Sidai kwamba sarufi ya mtoto inaharibika. Watoto hutofautisha mchezo na jambo halisi kuliko tunavyodhani. Ninadai kwamba gemu ambayo kila -me- yake inafutika haina kitu cha kukumbukwa, na pasipo kumbukumbu nafsi ya pili haiwezi kuwapo, kwa kuwa mwenzetu ni yule anayekumbuka tuliyomtendea.

Neno jingine la kutafakari ni kushinda. Maana yake ya kwanza katika michezo ni kupata ushindi. Lakini tunasema pia ameshinda shambani, yaani amekaa huko kutwa. Tunasalimiana jioni kwa umeshindaje. Na tunasema watoto wameshinda na njaa. Wanaleksikografia wanaweza kubishana kama hili ni neno moja lenye maana mbili au ni maneno mawili yenye umbo moja. Kwa anayeishi nyanda za kati maana hizo zinakaribiana sana. Dodoma hupata wastani wa mvua wa kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, takriban zote kati ya Desemba na Aprili, na mvua hizo hazina uaminifu. Katika njaa kubwa iitwayo Mtunya, iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, na baada ya mvua kukosekana, kushinda kulikuwa ni kuifikia jioni. Aliyeifikia jioni pamoja na jamaa zake alikuwa mshindi kwa maana zote mbili.

Hapa ndipo ninapopata kigezo cha kwanza cha gemu bora: ushindi wake uwe ni kule kudumu pamoja na wengine hadi jioni, na kile kinachopotea ndani yake kiwe kimepotea.

4.0 Nafsi ya pili katika michezo yetu

Michezo ya maneno ya Waswahili imejengwa juu ya nafsi mbili tangu neno la kwanza. Mtegaji husema “Kitendawili!”, naye hawezi kuendelea mpaka aitikiwe “Tega!” Neno hilo la pili ni dogo, lakini ndilo linaloufungua mchezo, ni ruhusa. Aidha, namna ya kushindwa katika vitendawili inastahili kuangaliwa. Walioshindwa hawafukuzwi, wala mchezo haurudishwi mwanzo. Mtegaji hudai apewe mji. Hutajiwa mji, na akiukubali hutoa jibu. Aliyeshindwa amelipa, na kwa malipo hayo amefundishwa. Kwa maoni yangu huu ni utaratibu wa kushindwa ulio na busara kuliko ule wa gemu nyingi, ambamo mchezaji huambiwa mchezo umekwisha bila kuelezwa chochote.

Bao nalo lina kete 64 na mashimo 32, na kila mchezaji huanza akiwa na kete 22 mkononi. Mtu aweza kukaa peke yake mbele ya bao akapanga na kupangua mitaji, lakini hakuna atakayesema kwamba mtu huyo anacheza bao. Anajifunza au anajiliwaza. Bao huanza pale anapoketi mtu wa pili, na pamoja naye utani, vijembe na watazamaji.

Je, jadi zetu hazina mchezo wa mtu mmoja? Zinao, na ndio uliozaa wazo la makala haya. Mtoto wa mfugaji aliyepelekwa machungani peke yake hufinyanga ng'ombe wa udongo. Nami nilifanya hivyo katika utoto wangu, kama walivyofanya wenzangu wengi wa Ugogo. Ng'ombe hao hujengewa zizi la vijiti vya miiba. Baadhi yao hutolewa mahari. Wengine hupelekwa kwa rafiki wa mbali. Na katika kila jambo mtoto husema sauti zote mbili. Huanza kwa salamu, “Mbukwenyi”, kisha hubadili sauti na kujiitikia mwenyewe. Anayedai mahari husema kwa ukali. Anayeomba kupunguziwa husema kwa upole na kuwataja mababu. Mtoto yupo peke yake, lakini katika kinywa chake mna kikao kizima. Udongo haujibu, yeye ndiye anayeujibia, na kwa kuujibia anajizoeza usemi wa watu wazima ambao siku moja atatakiwa kuutumia.

Si ajabu, basi, kwamba Ugogo ndiko alikotoka Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi aliyeupa Kiswahili utanzu wa ngonjera. Ngonjera ni ushairi wa majibizano: mmoja hajui au anapinga, mwingine anaeleza, na mwishoni hukubaliana. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 utanzu huu ulienea mno mashuleni. Ninaitaja ngonjera kwa sababu ni mfano wa sanaa iliyotungwa na mtu mmoja lakini isiyoweza kusimama bila sauti mbili. Hata hivyo ina onyo ndani yake, nami nitalirejea.

5.0 Ushahidi wa Tanga

Yaliyosemwa hadi sasa yangeweza kubaki nadharia kama Tanzania isingekuwa imepata kuwa uwanja wa jaribio linalohusiana nayo moja kwa moja. Shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE, lililotangazwa mwaka 2014, liliwataka washindani watunge programu huria zitakazowawezesha watoto kujifunza wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa mwaka 2019, kwa muda wa miezi 15, programu za timu tano zilizofika fainali zilijaribiwa kwa Kiswahili katika vijiji zaidi ya 140 vya mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto zaidi ya 2,000 walipewa vishikwambi. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 yao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada yake kiwango hicho kilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 timu za Kitkit School na onebillion ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10.

Programu hizo zilijaa michezo midogo ya mtu mmoja: kugusa herufi, kuunganisha silabi, kufuata sauti. Kwa mtazamo wa isimu yapo mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni kwamba Kiswahili kiliwafaa sana watungaji. Maandishi yake hufuata matamshi kwa uaminifu, na silabi zake nyingi ni wazi; mtoto akishika ma, me, mi, mo, mu ameshika ufunguo wa maneno mengi. Dhana kwamba teknolojia ya namna hii lazima ije kwa lugha ya kigeni ilipata jibu lake vijijini Tanga.

La pili linahusu mpaka wa mafanikio hayo. Programu hizo zilipimwa kwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwa vipimo hivyo zilistahili kusifiwa. Hazikuwa na wajibu wa kumfundisha mtoto jinsi ya kumwomba mkubwa jambo, kumkatalia rafiki bila kumvunja moyo, au kusuluhisha ugomvi. Hayo ni matumizi ya lugha ambayo hayapatikani kwa kugusa jibu sahihi miongoni mwa manne. Mtoto akiisha kujua kusoma mwenyewe, gemu inayofuata inapaswa kumpa mtu wa kusema naye. Hiyo ndiyo gemu ambayo bado haijatungwa kwa Kiswahili kwa kiwango ninachokikusudia hapa.

6.0 Gemu ninayoifikiria

Mchezaji anaanza akiwa kijana wa Ugogo aliyeachiwa ng'ombe 12 na mbegu za mtama na uwele. Muda wa gemu ni mwaka mmoja, kutoka mvua hadi mvua. Hajui mvua zitakuwaje. Anaweza kuwaweka ng'ombe wote katika zizi lake, akafurahi kuwaona wakiwa wengi. Lakini ukame au ugonjwa ukija, atawapoteza wote kwa mara moja. Au anaweza kufanya kama walivyofanya wafugaji wa Ugogo kwa vizazi, yaani kuwagawa ng'ombe kwa marafiki na jamaa wa mahali mbalimbali. Utaratibu huu umeelezwa katika uchunguzi wa Peter Rigby juu ya ng'ombe na udugu miongoni mwa Wagogo, uliochapishwa mwaka 1969. Anayetunzishwa hupata maziwa. Mwenye mali hubaki na haki yake. Na baina yao huwapo jambo lisilohesabika, ambalo ni kuaminiana.

Kila ng'ombe anayepelekwa huhitaji mazungumzo. Mchezaji atalazimika kufika, kusalimu kwa salamu inayolingana na umri na ukoo wa mwenyeji, kukaa, kuulizwa habari za kwao, na kungoja. Akienda moja kwa moja kwenye haja yake, mwenyeji atazungumzia mvua mpaka jua litue. Mazungumzo hayarukwi kwa kubonyeza. Wenyeji wanakumbuka: aliyedanganywa mwezi wa pili atajibu kwa mkato mwezi wa nane, naye hatatoa sababu, kama watu wasivyotoa.

Nyanda za kati zinaipa gemu hii utajiri mwingine. Mchezaji akisafiri kutoka Mpwapwa kuelekea Kondoa na Chemba atapita kwa wasemaji wa Cigogo na Kirangi, ambazo ni lugha za Kibantu. Kiburunge, ambayo ni ya Kikushi. Kisandawe chenye sauti za vidoko. Na mahali pengine atakutana na wafugaji wa lugha za Kinailoti. Kiswahili kitamsaidia karibu kila mahali, lakini salamu moja ya lugha ya mwenyeji itamfungulia mlango ambao Kiswahili peke yake kingebisha kwa muda mrefu. Ataonja hali ambayo kwa mkazi wa eneo hili ni ya kila siku: kutafuta lugha iliyo baina yake na mwenzake.

Atakutana pia na hongo. Leo neno hili ni jina la rushwa. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru uliotozwa na watawala wa Ugogo kwa misafara iliyopita katika nchi yao, na wasafiri kama Burton mwaka 1858 na Stanley mwaka 1871 waliilipa huku wakinung'unika katika maandishi yao. Walipita katika nchi kavu, baada ya jangwa la Marenga Mkali, ambako maji ya visima na chakula cha ziada vilikuwa mali ya watu. Katika gemu hii mchezaji angeikabili hongo mara mbili: kwanza kama mpita njia anayeona anaonewa, kisha kama mwenyeji ambaye kisima chake kinakauka huku msafara wa mamia ya watu ukiwa mlangoni. Sijui njia bora ya kumfundisha mwanafunzi mabadiliko ya maana ya neno kuliko kumfanya aishi pande zake zote mbili.

Mwaka ukiwa mbaya, mchezaji atazunguka kwa wale aliowapa ng'ombe. Hapa gemu haitaonyesha alama. Itamwonyesha ni nyumba ngapi zinazomkaribisha, na atakayekuta milango miwili tu atajua kwa nini. Akishindwa kuendelea, hatasomewa hukumu. Atadaiwa mji, kama katika vitendawili, naye akiutaja ataelezwa na mzee mmoja kile ambacho hakukiona. Ng'ombe waliokufa watabaki wamekufa, na -me- itarudishiwa uzito wake. Mvua zikinyesha, jirani atapita na kumwuliza ameshindaje. Hilo ndilo litakuwa tangazo la ushindi.

7.0 Pingamizi

Naona pingamizi tatu. Ya kwanza ni kwamba mtu aliyechoka hatafuti kikao; anataka kupumzika. Hilo ni kweli. Tetris, iliyobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow katikati ya miaka ya 1980, haina haja ya neno hata moja, na gemu ya nyoka iliyokuja na simu ya Nokia 6110 mwaka 1997 iliwastarehesha watu wengi wa Afrika Mashariki waliokuwa wakingoja basi au zamu ya daktari. Pumziko la kimya lina nafasi yake. Lakini mtu hulala pia, wala hatusemi kwamba usingizi ndio ubora wa maisha.

Pingamizi ya pili ndiyo lile onyo nililolitaja kuhusu ngonjera. Katika mazungumzo ya leo mtu akiambiwa aache ngonjera, maana yake ni kwamba anatoa maneno matupu. Utanzu huo ulipotumiwa kueneza ujumbe uliokwisha kuamuliwa, msikilizaji alijua tangu ubeti wa kwanza nani atashindwa na hoja gani itakubaliwa. Gemu inayojua jibu kabla ya mchezaji kusema ni ngonjera kwa maana hiyo mbaya. Kwa hiyo gemu ninayoipendekeza isiwe na mafundisho mwishoni. Anayewaweka ng'ombe wote nyumbani apate nafasi ya kufanikiwa ikiwa mvua ni njema, maana hata Ugogo wapo waliofanya hivyo wakabahatika.

Ya tatu ni nzito zaidi. Sasa zipo mashine zinazoweza kujibu chochote kwa Kiswahili kinachoeleweka. Wengine huuita uwezo huo akili unde, wengine akili mnemba. Je, si rahisi kuziweka katika gemu na kumaliza kazi? Nina shaka. Mashine inayojibu kila swali kwa upole uleule, isiyochoka wala kukataa, inamrudisha mchezaji kwenye kuchezea. Vilevile, mtoto wa ng'ombe wa udongo alijifunza mengi kwa sababu udongo ulinyamaza, naye akalazimika kuisema sauti ya pili. Gemu bora, basi, itasema kwa kipimo. Itauliza zaidi kuliko kujibu, nayo itajua kungoja. Mtegaji wa kitendawili hulitupa neno lake moja hewani, kisha hukaa kimya; bila “Tega!” ya mtu mwingine hana la kufanya. Gemu nayo ifike mahali ikose la kufanya mpaka mchezaji, kwa lugha yake mwenyewe, aiambie itege.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba ubora wa gemu ya mtu mmoja hupimwa kwa nafsi ya pili iliyomo ndani yake, na kwamba Kiswahili kina maneno, desturi na tanzu za kuijenga nafsi hiyo bila kuazima kila kitu. Kazi ya kutunga si ya wanaisimu peke yao, lakini ipo sehemu ambayo hakuna mwingine atakayeifanya. Watoto wetu wamekwisha kuanza kuunda istilahi: roho, kufa, kupita hatua, kufungua, kumaliza gemu. Mengine wanayachukua kutoka Kiingereza na kuyanyambua kwa viambishi vyetu. Msamiati huo haujakusanywa kwa utaratibu katika nyanda za kati. Ningependa wanafunzi wetu wa uzamili wakae na watoto katika vibanda vya gemu vya Dodoma, Kongwa na Kondoa, wasikilize bila kusahihisha, na waandike yanayosemwa wakati wa kushinda, wa kushindwa na wa kusubiri zamu.

Wafanye vivyo hivyo kwa wazee wanaojua salamu, utani na taratibu za kukabidhiana mifugo, kwa Cigogo, Kirangi, Kisandawe na Kiburunge. Makusanyo hayo mawili, la watoto na la wazee, yakiwekwa katika kabati moja, mtungaji atakayekuja ataikuta gemu yake imekwisha kuanza kusemwa. Kazi ya watoto inaweza kuanza muhula ujao kwa kinasa sauti na daftari. Ile ya wazee haiwezi kungoja muda mrefu zaidi ya hapo.